Nukta Nyekundu

Barua ilifika Jumanne, siku ya mvua ya mawe:
kurasa kumi na moja na ramani moja
iliyochorwa na mashine ambayo haijawahi kupanda ngazi zetu,
haijawahi kuhema.

Ilitazama mapaa kutoka angani.
Ilisoma nyufa katika picha ambazo wanafunzi wa Arequipa
walizipiga wakipita na baiskeli, wakinunua mahindi ya kuchoma.
Kisha ikaweka nukta: kijani, njano, nyekundu.

Nyumba ya Hermelinda Choque, mtaa wa Kengele,
ilipata nyekundu.

Nami, Teobaldo, karani wa zamu ya asubuhi,
nikagonga muhuri: IMEPOKELEWA.
Muhuri ule una sauti tamu.
Ukigonga, kazi huonekana imekwisha.

Sikunyamaza kabisa. Nilimwambia sokoni,
kwa mzaha, huku nikichagua viazi:
"Mashine inasema nyumba yako itaanguka."
Akacheka. "Imeuliza nani alibeba mawe yake?
Baba yangu, na punda wawili, mmoja kipofu.
Nihamie wapi, Teobaldo? Ndani ya ramani?"
Nami nikacheka,
kwa kuwa nukta haikuja na fungu la fedha,
na viazi vilikuwa vizuri.

Usiku ule ardhi haikutetemeka.
Kutetemeka ni kwa mtu mwenye homa.
Ardhi ilitupepeta
kama nafaka kwenye ungo,
na mkono uliopepeta haukujali
ipi ni mbegu, ipi ni chuya.

Simu zilikuwa zimelia kabla.
Mashine nyingine, ya pwani, ilisikia mwamba ukikatika
ikatupa sekunde kumi na moja.
Kurasa kumi na moja, sekunde kumi na moja.
Nimeshapiga hesabu hiyo, usinisaidie.

Alfajiri akaja mhandisi Yovana Apaza
na ramani kwenye kioo chake.
Niliijua. Ilikuwa ileile ya drooni kwangu,
sasa ikiitwa ramani ya uokoaji:
chimbeni kwanza penye nyekundu.
"Nani aliipokea?" akauliza.
"Manispaa," nikasema.

Waliomba kimya.
Jenereta ikazimwa, mama akamziba mtoto mdomo,
mtu akamshika mbwa pua.
Vipaza sauti vyembamba vikashushwa kwenye kifusi,
na mashine ikachambua:
hii ni tone la bomba, hii ni mbao inayojinyoosha,
hii ni mioyo yenu nyinyi mliosimama juu, ondokeni.
Mtaa wa Kengele, mita tatu chini:
uhai, asilimia sitini na mbili.

Tulichimba saa saba, kwa mikono, kwa masufuria.
Jiwe jeupe la babake likinikata kidole
nililiweka kando taratibu,
kana kwamba lina mwenyewe.

Tukawakuta simbilisi watatu
chini ya meza ya jikoni, wakikwaruza.
Yovana akakaa chini, akaifunika mashine kwa koti lake.
Haikuwa imesema uongo. Uhai ni uhai.

Hermelinda alikuwa hatua moja kutoka kwao.
Simu yake ilining'inia ukutani ndani ya soksi,
pale pekee ambapo mtandao ulikuwa ukishika.
Alikuwa amevaa kiatu kimoja.
Kwa hiyo alisikia.
Kwa hiyo aliamka, akaanza.

Sikio la kufa halisikii dawa, watu huniambia, wakinifariji.
Lakini sikio lilikuwa langu,
na aliyekufa si mimi.

Sasa ofisi ni hema.
Imekuja ramani mpya, ina nukta zaidi.
Naibeba mlango kwa mlango, pale palipobaki mlango,
na nyumbani simbilisi mmoja hula kabichi yangu
akinitazama kwa jicho la pembeni.

Jana, bondeni, mzee Saturnino alinisikiliza hadi mwisho.
Akafuta kiti kwa kofia, akanikaribisha.
"Sawa," akasema. "Nihamie wapi?"

Nikakaa.
Sikuwa na jibu, lakini nikakaa.