Kumbukumbu za Kikao, Shauri Moyo

Tangazo lilibandikwa Ijumaa jioni
kwenye ukuta wa choo cha kaunti,
juu ya bango la mganga na bango la kozi za udereva,
kwa gundi iliyokuwa bado mbichi Jumatatu.
Kikao ni Jumanne, saa nne asubuhi,
saa ambayo mtaa mzima uko kazini:
wa mabati yuko Kamukunji anagonga,
wa mitumba yuko Gikomba anachambua,
na bawabu wa usiku ndiyo kwanza amelala.

Mimi ni katibu. Nilienda na daftari.

Afisa wa mipango alikuja na ramani
pana kama leso mbili zilizoshonwa pamoja,
akaitundika kwenye kamba ya kuanikia nguo
kwa vibanio vya Mama Kerubo, alivyoviomba kwa adabu.
Ghorofa kumi na sita, akasema. Lifti.
Lifti aliitaja mara saba,
nilihesabu kwa vijiti pembeni mwa ukurasa.
Maji aliyataja mara moja, alipoomba ya kunywa,
na mfereji ulikuwa mkavu tangu Jumamosi.
Tukamnunulia ya chupa.

Ramani ilikuwa nzuri, sitamsingizia.
Miti ilikuwa mingi kuliko watu,
na watu wenyewe warefu, wembamba, wameshika mikoba,
hata mmoja hakubeba ndoo.
Mumbua alipanda juu ya kreti
akaitafuta nyumba yake kwa kidole:
alianzia msikitini, akapita duka la makaa,
akahesabu vichochoro viwili, akasimama
juu ya mstatili wa kijivu.
"Hapa ni nini?"
"Maegesho, mama."
Hakukiondoa kidole. Alikiacha palepale
kama muuguzi anayesikiliza mshipa.

Maswali yalikuwa matatu, muda ulitosha mawili.
Tutahamia wapi mkijenga? Litashughulikiwa.
Kodi itakuwa ngapi? Swali zuri sana.
La tatu lilikuwa la Habiba, naye hakungoja kipaza sauti:
mbona alama nyekundu zilipakwa milangoni
mwezi mzima kabla hatujaulizwa?
Mjumbe wa wadi akatazama saa yake.
Maendeleo hayangoji mtu, akasema;
atakayebaki nyuma, hiyo ni shauri yake.
Wenye fulana za picha yake wakapiga makofi.
Nikaandika: tumeshauriwa. Shauri yetu.
Nikaikata hiyo ya pili, kisha nikairudisha.

Ndipo soda zikaja, na mkate, nusu kwa kila kichwa.
Ukitaka chako: jina, nambari ya kitambulisho, sahihi.
Jua lilikuwa la utosi. Foleni ilijipanga yenyewe.
Nami nilisaini.
Katibu, mwenye kalamu yake mwenyewe, nilisaini.
Yangu ilikuwa ya machungwa, baridi,
na chupa niliirudisha.

Ripoti ilitoka baada ya miezi miwili.
Wakazi mia mbili na kumi na wawili
waliridhia kwa kauli moja,
na majina yetu yako nyuma, kwa foleni ileile ya soda.
Wa themanini na tisa ni Ogada, fundi wa masufuria,
tuliyemchangia jeneza na nauli ya kwenda Siaya
wiki tatu kabla ya kikao.
Maisha yake yote Ogada alitia kidole gumba.
Safari hii amesaini kwa herufi za kuunganisha,
mwandiko safi, wa mtu aliyekaa mezani.

Sijui daftari langu litasomwa na nani.
Nimelifunga kwa mpira, liko chini ya godoro,
na Habiba amepiga picha kila ukurasa
kwa sababu haamini magodoro.
Ajenda zote nimezijaza. Waliohudhuria, nimewataja.
Waliohudhuria wakiwa wamekufa, mmoja.
Mwisho kabisa, chini ya Mengineyo:

vibanio vinane, vya mbao, mali ya Mama Kerubo,
viliazimwa na afisa wa mipango,
vikaondoka na ramani.
Ameuliza mara mbili.
Nguo zake anazifunga fundo siku hizi,
na upepo wa hapa, kila mtu anaujua.