Kabati la Chini

Leo Dorkasi anarudisha funguo.
Chumba namba tisa, ghorofa ya pili, Tudor,
feni inayokohoa, dirisha linalotazama mikoko,
miaka thelathini na mmoja.
Mwachofi, tarishi, anashuka na boksi la nne:
"Mwalimu, makaratasi yote haya ni ya nani?"
"Ya wanawake. Shuka taratibu, wamo wengi."

Walimcheka alipoanza.
Mkuu wa idara alikunja uso kama aliyeonja shubiri:
Maangamizi ya Wayahudi, bibie, na sisi wapi na wapi?
Na mambo ya wanawake, hiyo nayo ni elimu?
Hakubishana. Aliomba chaki.

Kila mwaka, wiki ya tano, aliwasomea
maneno ya Bi Frumet wa Haifa,
mkono wake una namba:
kambini, usiku, njaa ikiwakwangua matumbo,
wanawake walipikiana kwa mdomo.
Mmoja akikanda unga usiokuwepo,
mwingine akiruka: mayai sita, si manne!
Wakagombania sukari
mpaka askari akapiga ukuta.

Darasa likanyamaza.
Kisha msichana wa Kuze, polepole:
"Mamangu angegombania iliki."
Hapo ndipo somo lilipoanza.

Kabati la chini hakuwahi kumfungulia mtu.
Ndani, daftari la shule, jembamba,
kwa mwandiko wake wa ujana:
*Nyanya. Kisauni. 1979.*

Swali: Bibi aliyekulea, kabla hajabatizwa, aliitwa nani?
Jibu: (anapepeta mchele)
Swali: Walimteka wapi?
Jibu: (anapepeta mchele)
Swali: Alikuwa akilia?
Jibu: Alikuwa akitusimulia mboga ya kwao.
Majani yake huku hayaoti.
Sisi watoto tulicheka.

Kurasa zilizobaki, tupu.

Nilivuka bahari mbili, anamwambia Mwachofi,
kumuuliza mgeni swali
ambalo nyanyangu alikuwa amenijibu kwa ungo.
Mwachofi hajui aseme nini. Anabeba boksi.

Saa kumi, soko la Kongowea.
Dorkasi, daftari kwapani, mbele ya mafungu ya mchicha:
natafuta jani, jina silijui.
Chungu kidogo. Linateleza.
Hufunikwa, halikorogwi.

Muuza mboga anafikiri.
Anamwita mwenzake wa meza ya pili,
naye anamwita wa tatu.
Wanaanza kubishana.