Jiwe la Mlango

Mwezi wa saba vanishi inachelewa kukauka.
Naipaka asubuhi, hadi adhuhuri bado inanata,
inakamata vumbi la msasa na nzi wawili,
na fundi Mbaraka ananilaumu mimi, si hewa.

Kipupwe cha Dar, watu wa Makete wanakicheka.
Jirani yangu Tweve husema, "Dada, hii nayo baridi?
Kwetu maji yanaganda ndooni,"
naye mwenyewe kavaa sweta mbili.
Sibishani naye.
Baridi yangu haikai kwenye ngozi.
Inaanza saa kumi alfajiri, kusi likipenya dirishani,
nyayo zinapoteza habari za sakafu,
naelea kitandani kama karatasi
iliyosahauliwa na aliyeiandika.
Ndio mwezi aliofia Chande. Sina maelezo mengine.

Tukapeleka rafu Masaki, sita, za mkongo,
kwenye duka dogo lenye harufu ya udi na ndimu.
Binti wa pale, Nasrini, mikono laini,
akapanga juu ya kazi yangu vijiwe, kimoja kimoja,
kila kimoja na kitambaa chake cha mahameli na bei yake.
"Hili la usingizi. Hili la moyo uliovunjika.
Na hili," jeusi, zito, "la kukurudisha chini
ukiona umepeperuka. Msimu huu wa baridi
ndiyo yanayonunuliwa sana."
Nikauliza bei. Elfu themanini.
Nikauliza limetoka wapi. "Brazili."
Nikanyamaza. Pembeni palikuwa na la zambarau,
limefifia kama kanga iliyofuliwa mara mia.
Nilikuwa nalijua. Ndugu yake
ndiye anayeushikilia mlango wangu wa uani.

Chande alikuwa broka. Tunduru, Mahenge, Umba,
kila alikosikia watu wameanza kuchimba.
Yaliyouzika aliyauza, tukala,
mengine akala na wenzake.
Yasiyouzika alinirudishia ndani ya soksi:
"Magonga tu haya, mama Shani, wachezee watoto."
Watoto hawakuyachezea.
Cha mvunguni. Usiku ule nikainama.

Sasa nisikilize vizuri, maana jirani wa kushoto
keshaanza kusema nimeingia uganga,
aliponiona nimeyaosha kwa maji ya bomba
na kuyaanika kwenye sinia la pilau.
Sisemi jiwe linaponya.
Nasema nilishika moja, saa kumi, gizani,
jeusi lenye kona, refu kama kidole cha shahada,
likawa baridi kuliko mimi.
Hilo lilikuwa la kwanza: kitu kilichonizidi baridi.
Nikalifumbata. Likachukua muda wake.
Lilikaa ardhini kabla Keko haijaitwa Keko,
dakika kumi za kipupwe kwake ni nini?
Kisha likapata joto,
na joto lile, nililitambua, ni langu mwenyewe.
Nilikuwa nalo. Sikujua liko wapi.

Nikateremsha miguu. Saruji ilikuwepo.

Mchana nalitia mfuko wa aproni
pamoja na msasa na penseli ya fundi.
Linanigonga paja kila nikiinamia mguu wa meza.
Mbaraka kauliza ni nini hicho kinacholia.
Nikamwambia, deni.

Nasrini alipiga simu juzi, rafu moja imepinda.
Akasema nikienda atanipunguzia lile jeusi, elfu sitini.
Nikamwambia asante, nitakuja na randa.

Mwezi wa nane unaisha. Vanishi inakauka kabla ya saa sita.
La zambarau bado liko mlangoni.
Upepo ukisukuma linasogea kidogo, linakwaruza sakafu,
nami huku ndani, brashi mkononi,
bila kufikiri naitika:
karibu.