Korongo na Korongo

Mwepu mlinzi alisema, "Kesho nitawaonyesha makorongo,"
nami nikauliza: ya kuruka au ya kushuka?
Akacheka. Kundelungu ina yote mawili,
ila mmoja ana mbawa, hamngojei mtu.

Alfajiri, baridi ya Julai.
Tulikula bukari ya jana, imeganda kama sabuni,
na dagaa wa Moero waliobaki kwenye karatasi.
Kyungu alifunga viatu vyake vya mgodini,
vile vyenye chuma puani,
vumbi la kijani bado limekaa kwenye mishono.
Mimi nilivaa raba za kuazima za Mama Numbi wa Katuba,
namba moja zaidi,
nimezijaza vipande vya vitenge kutoka chini ya cherehani yangu.

Sisi ni mapacha. Yeye alitangulia, mimi nikafuata,
na tangu siku ile hajaacha kutangulia:
barabarani, shimoni, kaburini kwa Baba akiwa na koleo.
Leo tu Mwepu alimshika bega:
"Wewe kaa nyuma. Kabange apite, ana hatua ya paka."

Njia inashuka kwa magoti.
Mizizi imeshika mwamba
kama vidole vya mtu anayehesabu deni.
Ukuta mwekundu, ukuta mweusi, mwekundu tena:
mimi naona majora yaliyopangwa kwenye rafu,
yeye anakwaruza kwa ukucha, ananusa.
"Hapa hakuna mukuba," anasema,
kama mtu aliyeingia nyumba isiyomdai kitu.

Miaka tisa anaingia ardhini.
Hupima kina kwa jiwe: huliachia, huhesabu.
Mapigo mawili, shuka.
Matatu, kagua kamba.
Manne, rudi nyumbani ukale.
Hakuna aliyemfundisha.
Waliokosea hesabu
hawakupanda tena kuisahihisha.

Saa sita tukafika ukingoni.
Lofoi inaanguka kama uzi uliotoroka cherehani,
mwanzo mnene, umenyooka,
kisha unafumuka,
kisha si uzi tena, ni pamba, ni pumzi,
na chini kabisa majani yanalowa
bila kujua nani kayanyeshea.

Kyungu akaokota jiwe.
Mwepu alifungua kinywa amkataze,
akamtazama usoni, akakifunga.

Moja. Mbili.
Tatu.
Nne, na hapo nilimwona anarudi nyuma nusu hatua,
mwili wake umeshazoea.
Tano. Sita.
Saba, akameza mate.
Nane.

Hakuna kilichogonga.

"Nani alichimba?"
"Maji," Mwepu akajibu.
"Kwa miaka mingapi?"
Mwepu akainua mabega.
"Na hakufukiwa mtu?"

Swali hilo halikujibiwa.
Kaka yangu akalala kifudifudi juu ya jiwe la moto,
kidevu hewani,
naye ambaye hulala macho wazi nyumbani kwetu
alikaa hivyo mpaka shati likakauka jasho.

Ndipo wakapita, wawili,
shingo mbele, miguu nyuma,
korongo ndani ya korongo,
chini yetu.
Sikuwahi kuona ndege kwa mgongoni.
Ni kijivu, kama koti la mzee lililopigwa pasi.

Wakati wa kurudi hakunipita.
Alitembea nyuma yangu hadi kwenye gari,
na kila nilipogeuka midomo yake ilikuwa inacheza,
mkono mfukoni, anahesabu.
Sikumwuliza amefika ngapi.

Jumatatu basi la Kolwezi linaondoka saa kumi na mbili.
Nimemshonea mfuko mpya wa tochi,
mshono mara mbili, zipu ya shaba.

Uko chini ya cherehani.
Bado sijampa.