Julbiena Kabatini

Wiki ya kwanza ya Majilio tunatandaza pamba
kwenye visahani ishirini na viwili,
tunailowesha, tunainyunyizia julbiena,
zile dengu ndogo wanazolishwa mbuzi wa Gozo,
kisha tunavifungia kabatini, gizani,
kati ya ramani kuukuu na mipira iliyopasuka.
Zikikosa jua zitarefuka, nyeupe kama ndevu za babu,
tuje kuzipanga kumzunguka Mtoto usiku wa Noeli.
Sharti ni moja tu: usichungulie.
Nami, mwalimu wao, ndiye mchunguliaji.

Mwaka huu mahubiri ya mkesha kapewa Wistin,
kwani kwetu usiku ule padre huketi
na mtoto wa miaka tisa akahubiri.
Kurasa tatu, kaziandika shangazi yake,
pamoja na kila "enyi ndugu wapendwa"
na kila mahali pa kunyoosha mkono.
Wistin hukariri akipanda ngazi, akishuka ngazi,
akila mkate wa nyanya,
hata makombo nayo yakajua kuhubiri.

Liberata hasemi.
Liberata ana vidole.
Mpe udongo, umwache.
Wenzake walifinyanga wachungaji, kondoo wa miguu mitatu,
mpiga zumari, na yule msinziaji
asiyeamka hata malaika waimbe.
Yeye alileta mwanamke aliyeinamia beseni,
mikono ya gauni imekunjwa, mgongo umepinda
vilevile unavyopinda mgongo wa mama yake
afuaye mashuka ya hoteli kule Marsalforn.

Nikasema, Mungu anisamehe upole wa sauti yangu:
"Mwanangu, huyu hayumo katika Injili."
Akanitazama. Akalitazama pango.
"Nepi za Mtoto alifua nani?"

Nilikuwa na miaka minane nilipochora punda
pambizoni mwa Katekisimu, ukurasa wa dhambi ya asili.
Punda mzuri. Masikio yake nayaona hadi leo.
Sista Skolastika aliuchana ukurasa, akaukunja mara nne,
akautia mfukoni, akasema
kipaji bila adabu ni moto bila jiko.
Labda alisema kweli. Nimefundisha sanaa miaka thelathini
na punda sijamchora tena.

Sasa kidole gumba changu kilikuwa juu ya udongo wa Liberata,
kimeshalowa, tayari kuunyoosha mgongo ule,
kumgeuza mfuaji awe mchungaji,
kazi ya dakika moja, nani angejua?
Nikakirudisha. Nikanawa.
Mfuaji nikamweka karibu na hori, palipo na taa.

Usiku wa mkesha Wistin alipanda juu ya kibao,
kanzu nyeupe ya kaka yake ikifagia sakafu.
Ukurasa wa kwanza ulitiririka. Wa pili vilevile.
Wa tatu, kimya.
Mtu akakohoa. Rozari ikagonga benchi.
Shangazi akawa anachezesha midomo kama samaki.
Wistin akatazama dari, akatazama pango,
akasema, bila kunyoosha mkono:
"Na palikuwa na baridi. Na kuna mtu alifua nguo
kwa maji yaleyale ya baridi.
Nadhani Yesu analijua jina lake."
Akashuka. Hata amina hakusema.
Baba Paroko akasahau kusimama.

Mama yake Liberata alikuwa benchi la nyuma kabisa,
koti juu ya sare ya kazini.
Sikumwona akilia, sitawadanganya.
Alikuwa akiitazama mikono yake, viganja, kisha migongo yake,
kama mtu aliyerudishiwa kitu alichokopesha zamani.

Januari, nikisafisha kabati,
nilikuta kisahani kimoja tulichokisahau.
Mlango una ufa, mwembamba kama uzi,
na julbiena yote ilikuwa imeuinamia ufa ule,
ncha zake kijani.
Nikakiweka dirishani.
Kisha nikatafuta penseli.
Masikio kwanza.