Shoti

Saa nne na robo usiku, Tandika,
nahesabu pesa mara ya tatu.
Elfu saba haipo.
Bosi Ngwale hapandishi sauti. Anafungua daftari,
analamba kidole, anaandika kwa wino mwekundu:
Sikudhani, shoti 7,000.
Neno limekaa hapo kama mgeni asiyevua viatu.

Mchana lilikuja mara mbili.
Kwanza kwenye runinga, mbio za saa nane,
farasi sita wa kompyuta, hawana jasho, hawana nzi,
mtangazaji akapayuka: namba nne anapiga shoti!
na vijana wakapanda juu ya viti, mikeka mikononi.
Kisha waya nyuma ya feni ukanuka,
cheche,
giza,
na mtu fulani akasema taratibu:
"Umepiga shoti."
Namba nne mpaka leo hajafika.
Walinizonga dirishani wakidai hela zao kizani,
nadhani ndipo elfu saba ilipotoka mlangoni.

Mwalimu Mkude, mstaafu,
ambaye huweka mia tano tu, tena kwa farasi mwenye jina refu,
aliniambia tukimsubiri fundi:
"Ya waya na ya droo ni ndugu, baba mmoja,
walishuka na Mwingereza na vitabu vyake vya hesabu.
Ya farasi ni nyingine. Ilikuwapo.
Bibi yangu kule Pangani aliisema kwa punda,
na hakuwahi kugusa swichi."
Ilitoka wapi basi?
Akakuna kidevu.
"Hapo, binti, hata mimi nina shoti."

Mimi farasi wa kweli nimemwona mara moja.
Siku ya mechi, karibu na Uwanja wa Taifa,
farasi wa polisi, kahawia, mpana kama kabati la arusi,
akitembea kwa adabu kati ya wauza fulana,
akiacha kinyesi kinafuka mvuke juu ya lami.
Mtoto akapuliza vuvuzela chini ya sikio lake.
Jamani!
Kofia ya askari ilibaki hewani peke yake,
sinia la karanga likapinduka,
na kwato zikaichapa Barabara ya Mandela
sho-ti, sho-ti, sho-ti,
kila pigo likiacha pengo kabla ya jingine,
pengo ambamo hakuna mguu unaogusa ardhi
na mnyama mzima, na bunduki, na askari wake,
hadaiwi na mtu.

Sisemi neno lilizaliwa hapo.
Nasema nililisikia.

Bosi ananisogezea daftari nitie sahihi.
Upande wa kulia kuna safu nyembamba: Sababu.
Wenzangu huandika "chenji". Huandika "haraka".
Naandika "farasi",
namrudishia kalamu yake.