Aliyelala Usimwamshe

Saa kumi na moja kasorobo nafungua bomba.
Ndiyo kazi ya mwisho ya zamu yangu:
kumwaga maji ngazini mwa duka,
ndoo tatu, ya mwisho na dawa ya choo,
asilale mtu, na aliyelala aondoke
kabla meneja hajaegesha gari.
Duka letu linauza milango.
Ya mvule, ya chuma, ya vioo vyenye maua,
imesimama dirishani, haifunguki kwenda popote.

Mwanzoni nilimwaga bila kutazama.
Kisha siku moja maji yakakatika, desturi ya mji huu,
nikalazimika kumwamsha kwa mdomo.
"Kaka, kumekucha."
"Najua," akasema. "Sijalala."
Hapo tukaanza kuzungumza,
na hapo ndipo nilipokosea.

Musembi. Fundi wa sare za shule, kule Mukuru.
Kola zake, aliniapia, hazikuwahi kukunjamana.
Mtoto akaugua mapafu, akapona,
hospitali ikamshikilia mpaka bili ilipwe.
Cherehani ikauzwa ili mtoto atoke.
Mtoto akatoka. Kazi ikatoka naye.
Kodi ya mwezi wa kwanza, mwenye nyumba alicheka.
Wa pili, akaja kukohoa mlangoni.
Wa tatu, alikuja na kijana mwenye bisibisi.
"Hakutufukuza," Musembi hunieleza, mtu wa haki,
"huwezi kusema alitufukuza.
Aling'oa mlango tu, akaenda nao begani."

Usiku ule walitundika shuka.
Usiku wa pili shuka ikaibiwa.
Mke akapanda basi la Mwingi na mtoto mgongoni,
yeye akabaki kutafuta pesa za kuurudisha mlango.
Hizo zilikuwa mvua za mwaka juzi.

Mji una majibu yake.
Mwenye tai humruka na kusema: pombe.
(Siku hizo hakuwa akinywa. Siku hizi,
baridi ya Julai ni hodari wa kubishana.)
Muuza mayai huuliza: kwani huyu hana kwao?
Kila mwisho wa mwezi watu wa kanisa huja
na nusu mkate, na chai, na kamera:
"Inua mkate kidogo, baba. Hivyo hivyo."
Alikuja na binti mwenye fomu.
Makazi: ya kudumu, ama ya muda?
Akangoja, kalamu hewani,
mwishowe akatia alama penye "mengineyo".
Na mkutano mkubwa ulipoleta wageni
kanjo walikuja na lori usiku wa manane,
wakawapakia kama viazi,
wakawamwaga ng'ambo ya Mto Athi.
Alirudi kwa miguu, siku mbili.
Nikamuuliza, kwa nini?
"Mbwa wa kule hawanijui."

Nami? Mimi jibu langu ni ndoo.

Wahenga walisema aliyelala usimwamshe,
ukimwamsha utalala wewe.
Shuleni niliiandikia insha, nikapata alama saba;
nilidhani inahusu uvivu.
Sasa kampuni ya ulinzi haijatulipa tangu Machi,
na juzi, nikivaa sare hii kwenda kazini,
nilimsikia mwenye nyumba wangu
akikohoa mlangoni.

Leo bomba lilikuwa na maji tele.
Nilimwaga kushoto, nikamwaga kulia,
nikamwaga ngazi zote za chini.
Alipoinuka na gunia lake, palibaki juu
pakavu, urefu wa mtu aliyejikunja.
Meneja alisimama akapatazama.
"Hapa umesahau."
"Ndiyo, bosi. Nimesahau."

Nimefika Kayole jua limeshapanda.
Kabla ya kuvua buti, kabla ya chai,
nimechuchumaa nikahesabu skrubu za bawaba.
Ziko sita.
Mbili zimelegea.